Kabla hujaomba barua ya kumtoa mtoto kwenye michezo, soma hii

Toka kampeni ya kupima afya za vijana ianze, kliniki yetu imegeuka ofisi ya barua. Mzazi anaingia na kijana wa miaka 14, majibu ya sukari anayo mkononi, hata hajakaa vizuri anasema daktari naomba uniandikie barua asishiriki michezo shuleni, sukari imepanda kidogo asije akazimia uwanjani. Hofu ya mzazi naielewa, nami ni mzazi. Lakini ukweli ni kwamba unaniomba nimnyang'anye mtoto dawa yake halafu nigonge mhuri juu.

Ngoja nieleze. Mtu akila, sehemu kubwa ya sukari inayoingia kwenye damu inatakiwa iende kwenye misuli, na insulini ndiyo inafungua mlango. Sasa misuli ikiwa kazini ina mlango wake wa uani, inajivutia sukari yenyewe hata kama insulini imeanza kudharauliwa na mwili. Kijana akiruka kamba, akipanda ngazi mbio, akifukuzana na mpira, kuna vibeba sukari vinaitwa GLUT4 vinatoka ndani ya seli ya misuli vinapanda juu na kuanza kupokea mzigo. Na akimaliza kazi haiishi palepale, misuli inaendelea kuisikia insulini vizuri kwa siku moja au mbili hivi, baadaye inapungua. Ndiyo maana yule anayejiua na mazoezi jumamosi halafu analala wiki nzima hapati anachodhani anakipata.

Kitu kingine ambacho wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba balehe yenyewe inapunguza nguvu ya insulini. Kwa kila kijana, mwembamba kwa mnene. Homoni ya ukuaji inapopanda, katikati ya balehe mwili unakuwa mgumu kuisikia insulini, uwezo huo unashuka kwa karibu robo hadi theluthi, kongosho, yaani kiungo kinachotengeneza insulini, inaongeza juhudi na wengi wanavuka salama, balehe ikiisha mambo yanarudi. Ila yule aliyeingia hapo tayari ana mafuta ya tumbo, halali vizuri, na hajasogeza mguu tangu asubuhi, kongosho yake inabeba mizigo miwili. Wengine inawashinda. Na kisukari aina ya pili kikimpata kijana huwa kinaenda kasi kuliko kwa mtu mzima, madhara ya figo na macho yanawahi, kwahiyo ile "bado mdogo, atakua kitaisha" naomba tuiache kabisa.

Na ni umri huohuo ndio watoto wanaacha kucheza! Takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizotoka 2019, zilizokusanya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 kutoka nchi 146, zilionyesha asilimia 81 hawafikishi mazoezi yanayotakiwa. Wasichana asilimia 85, wavulana 78. Halafu hao wachache wanaofikisha ndio tunaandikiana barua wapunguzwe.

Kinachotakiwa ni wastani wa dakika 60 kwa siku, mazoezi ya kati hadi makali, na angalau siku 3 kwa wiki yawemo ya kukimbia kwa nguvu na ya kujenga misuli na mifupa. Nasema wastani kwa sababu mwongozo wa 2020 ndivyo ulivyorekebisha, siku moja ikikosa siyo mwisho wa dunia, mnajazia nyingine. Siyo lazima iwe saa moja ya mfululizo, siyo lazima jimu, siyo lazima viatu vipya. Kipimo cha haraka: akiwa anaweza kuongea lakini hawezi kuimba, hapo yuko kwenye mazoezi ya kati. Akishindwa hata kumaliza sentensi, hayo ni makali. Na hapana, kunyanyua vitu vizito kwa usimamizi mzuri hakumfanyi mtoto awe mfupi, hilo swali nimelijibu mpaka nimechoka.

Tuje kwenye shingo. Wiki iliyopita amekuja binti, shingo nyuma imewiva nyekundu kwa kusuguliwa, mama anasema daktari uchafu huu hautoki, tumejaribu kila sabuni. Nikamwangalia na kwapani, huko nako ngozi nyeusi, nene kidogo, ukigusa kama kitambaa cha mahameli. Mama, ule siyo uchafu. Ngozi ikiwa hivyo mara nyingi ni insulini imezidi kwenye damu kwa sababu mwili hauisikii, na utasugua mpaka damu itoke, rangi itabaki. Binti alikuwa ameinamisha kichwa muda wote, anaambiwa mchafu nyumbani na shuleni. Huyu anahitaji kupimwa, na anahitaji kutembea, kucheza, kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10. Sabuni muiache.

Sasa utaratibu wa barua, nisomeni taratibu maana hapa ndipo tunapogombana dirishani. Barua ya "asishiriki michezo yoyote" hatutoi tena kwa sababu ya sukari kupanda kidogo, uzito, hedhi au pumu iliyodhibitiwa. Mwenye pumu aende na dawa yake ya kuvuta mfukoni. Mwenye kisukari aina ya kwanza anacheza pia, ila anapima sukari kabla, anakuwa na kitu kitamu karibu, na mwalimu ajue. Tunachotoa ni barua inayotaja mambo matatu: kitu gani asifanye, kitu gani aendelee kufanya, na tarehe ya mwisho. Kavunjika mkono, sawa, asishike mpira, miguu inatembea. Tarehe ikipita barua imekufa, haiongezwi kwa simu, haiongezwi na mjomba, mtoto anarudi anaonwa upya. Barua iliyofutwa tarehe na kuandikwa juu yake tunaishika, inaingia kwenye faili, na shule inajulishwa. Msinipigie kelele mimi.

Wapo wa kusimamishwa kweli, na hao wala hamhitaji kunibembeleza: aliyezimia katikati ya mazoezi, anayebanwa kifua akikimbia, mwenye homa, mwenye tatizo la moyo ambalo halijachunguzwa. Na kijana anayekunywa maji kupita kiasi, anakojoa usiku kucha, anakonda ghafla, huyo msimpeleke uwanjani wala msisubiri kampeni, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Akianza kutapika na kuhema haraka, hiyo ni dharura.

Walimu nao kidogo. Mkimfanya mtoto akimbie raundi kumi kwa sababu kachelewa, au apige pushapu kwa kupiga kelele darasani, mnamfundisha kwamba kukimbia ni adhabu, halafu akifika miaka 16 tunashangaa kwa nini hataki.

Kuhusu kipimo. Damu ya asubuhi kabla ya kula maana yake saa 8 au zaidi bila chakula wala kinywaji chochote isipokuwa maji. Chini ya 5.6 (kwa kipimo cha mmol/L) ni kawaida, 5.6 hadi 6.9 ni onyo, 7.0 na kuendelea ni kiwango cha kisukari lakini kama kijana hana dalili lazima turudie siku nyingine kabla hatujamwandika jina hilo, kwahiyo msiende kutangaza kwenye grupu la familia kwa majibu ya mara moja. Majibu yakiwa mazuri na mtoto ana vihatarishi tunarudia ndani ya miaka 3, mapema zaidi uzito ukiendelea kupanda. Ambaye hajafunga tunamrudisha, anapangiwa tarehe mpya, anaanza foleni mwanzo, na hatupokei maelezo ya "ni kidogo tu".

Juzi mzazi kaapa mbele yangu kwamba kijana hajatia kitu mdomoni tangu jana usiku, na kijana pembeni yake anatafuna taratibu, taya linaenda. Nikamuuliza unatafuna nini, akasema chingamu tu. Tukawapangia jumatatu.