Magome, vidonge na moyo wa matumaini: yanayosemwa Arusha na Moshi, na ukweli wake

Ukipita Soko la Kilombero jijini Arusha, au Mbuyuni kule Moshi, utawakuta kina mama wa Kimasai wametandaza magome, mizizi na vichupa vya unga juu ya viroba. Ukivuka barabara kuna duka la dawa. Mgonjwa mmoja anaweza kununua huku na kule siku hiyohiyo, na Jumapili akaenda kuombewa. Hilo peke yake si kosa. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kazi mwaka 1948, inasema afya ni ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya kijamii, wala si kukosa ugonjwa tu. Kumtibu mtu mzimamzima ni jambo jema. Kosa huanza pale tiba moja inapotumiwa kuifuta nyingine, na kila anayemhudumia mgonjwa akawa hajui mwenzake ametoa nini.

“Ukiamua tiba ya asili, vidonge weka pembeni”

Hii ndiyo dhana iliyotuumiza kuliko zote. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Dawa ilichemshwa kutokana na mti wa mugariga, na iliaminika kuponya ukimwi, kisukari, presha, saratani na pumu. Wapo walioacha ARV baada ya kunywa.

Waliorudi wakisema wanajisikia vizuri hawakuwa waongo. Mtu aliyekata tamaa akipata tumaini, hula, hulala na hutembea kwa nguvu mpya. Isitoshe, vidonge alivyomeza mwezi mzima kabla ya safari bado vilikuwa vimewakandamiza virusi. Lakini ARV hazimalizi virusi, huvizuia kuzaliana. Vingine hujificha ndani ya chembe za kinga, na dozi ikikatika huanza kuongezeka tena, kwa wengi ndani ya wiki chache, bila mwenyewe kusikia chochote. Kinachojibu ni kipimo cha wingi wa virusi.

Presha ni hivyohivyo. Haina king'ora. Mtu ana 170 kwa 100 na anapanda mlima Kibosho akiimba. Ukitaka kujua kama dawa au mabadiliko ya chakula yamekusaidia, pima kwa utaratibu: kaa dakika tano umeegemea kiti, miguu ikanyage chini usiikunje nne, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, mkanda ufungwe kwenye ngozi na si juu ya sweta (kwa baridi ya Arusha mwezi Julai hili husahaulika sana), na usiongee. Usiwe umekunywa kahawa nusu saa kabla. Pima mara mbili, uachanishe kwa dakika moja, na uandike zote mbili. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti tofauti, nenda kliniki na karatasi yako. Na mwenye kisukari anayeishi kwa sindano za insulini asiziache hata kwa siku chache za maombi au mfungo bila kumwona daktari. Mwili unaweza kuharibika ndani ya siku hizohizo.

“Cha asili hakina madhara”

Dawa yoyote inayofanya kazi ina kiasi kinachosaidia na kiasi kinachodhuru. Jani halijui kama limetoka shambani au kiwandani.

Angalia pakanga ya Kichina, artemisia, ambayo wakulima wa mikoa yetu wamewahi kuilima kwa ajili ya viwanda vya dawa. Ndani yake mna artemisinini, msingi wa dawa ya mseto ya malaria. Mtafiti wa China, Tu Youyou, alipokuwa akiitafuta alikuta kuchemsha kunaiharibu. Alifanikiwa alipotumia kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Basi anayechemsha majani yake jikoni hapati kile kilichomo kwenye kidonge. Anapata kiasi kidogo, leo hivi na kesho vile. Homa inashuka siku mbili, vimelea vinabaki, kisha ugonjwa unarudi na nguvu. Vimelea vilivyoonja dawa nusunusu ndivyo vinavyojifunza kuistahimili.

Fanya hivi: pima malaria kwanza, tone la damu tu na majibu ndani ya dakika 20 hivi. Ukikutwa nayo ukapewa mseto wa ALu, mtu mzima wa kilo 35 na zaidi humeza vidonge vinne, kisha vinne baada ya saa nane, halafu vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla 24. Meza na chakula chenye mafuta: parachichi, maziwa, karanga. Wengi husema “mseto haunifai” kumbe walimezea chai ya rangi, na nusu nyingine ya dawa, lumefantrini, haifyonzwi vizuri bila mafuta.

Muarobaini nao una mipaka. Watoto wachanga waliolishwa mafuta ya mbegu zake wamewahi kupata degedege na kuharibika ini. Usimpe mtoto, hata kijiko kimoja. Balungi, tunda tu la kawaida, huongeza kiwango cha nifedipini mwilini, mojawapo ya dawa za presha zinazotumika sana, hadi presha ikashuka kupita kiasi. Shubiri ikinywewa kila siku huharisha na kumwaga madini ya potasiamu, na kwa anayemeza dawa za kukojoza maji hiyo ni hatari ya moyo kwenda mrama. Ukipangiwa upasuaji, mwambie daktari wiki mbili kabla kama unatumia unga wa kitunguu saumu au tangawizi kama dawa, maana huweza kuongeza kutoka damu.

Ushauri wetu ni mwepesi: nenda kliniki na chupa yenyewe, au tawi lenye majani. Usiseme “natumia mitishamba” tu. Taja jina unalolijua, liwe la Kichaga, Kimeru au Kimasai, useme ni kikombe kipi, mara ngapi, tangu lini. Mhudumu akikufokea, rudia kwa utulivu. Ni haki yako kuulizwa na kusikilizwa. Na kwa mtoa tiba, uliza usajili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23 ya mwaka 2002, iliunda Baraza linalowasajili. Mganga wa kweli haoni aibu kuonyesha cheti, na anayekuambia “usimwambie daktari” amekwisha kujieleza.

“Maji ya chemchemi ya mlimani ni dawa”

Kwa watu wa miteremko ya Meru hili lina uzito wake. Miamba ya volkeno ina madini ya floraidi kwa wingi, na maji hupita humo yakaibeba. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita; vipo visima na chemchemi kuanzia Ngarenanyuki hadi pembezoni mwa jiji vinavyopita hapo mara kadhaa. Maji ni meupe, baridi na matamu, na bado yanatia meno ya watoto rangi ya kahawia kwa sababu meno ya kudumu hujengwa ndani ya fizi hadi umri wa miaka minane hivi. Kwa miaka mingi na kiwango kikubwa, mifupa na maungio hukakamaa.

Kuchemsha hakusaidii. Kunaua vijidudu, ambalo ni jambo la lazima, lakini floraidi haipai na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, kiasi chake kwa lita kinapanda. Kinachoiondoa ni mkaa wa mifupa uliochomwa kwa kipimo, kazi ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanya kwa muda mrefu. Mkaa huo huchoka, na ladha haitakuambia umechoka, kwa hiyo fuata tarehe ya kuubadilisha. Mifupa iliyochomwa vibaya hutoa maji ya manjano yenye harufu. Njia rahisi zaidi kwa wenye watoto wadogo ni maji ya mvua: acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga, na uyachemshe kabla ya kunywa.

Tukiwa hapo jikoni, magadi ya kulainishia makande nayo hubeba floraidi na chumvi. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, mwaga yale maji, kisha pika. Yatalainika.

“Kinywaji chekundu kinaongeza damu”

Rosela, kiazisukari na juisi ya nyanya hupendwa kwa rangi. Rangi haiwi damu. Mwili unahitaji madini ya chuma, na yaliyomo kwenye nyama, maini na dagaa hufyonzwa kirahisi kuliko ya mboga. Mtori unajenga damu kwa nyama yake, si kwa ndizi. Ukipikwa na mfupa mtupu umebaki chakula kizuri tu. Mnafu una chuma, na ukikamulia limau juu yake mwili unakichukua vizuri zaidi. Chai ya rangi kwa mlo hukizuia, kwa hiyo ikae saa moja kando. Mjamzito asibadilishe vidonge vyake vya kliniki kwa juisi yoyote. Vikimletea kichefuchefu, avimeze usiku baada ya kula. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Na anayetamani kula udongo apimwe damu, asichekwe.

“Lazima usafishe sumu kila mwezi”

Ini na figo hufanya kazi hiyo usiku na mchana. Kuharisha siku tatu ni kupoteza maji na chumvi.

“Ukiwaza chanya, ugonjwa utakukimbia”

Hapa tunaomba msomaji atulie, kwa sababu maneno haya husemwa kwa upendo na huumiza vibaya. Maana yake ya pili, isiyotamkwa, ni kwamba usipopona umekosea kuwaza.

Mwaka 1989 David Spiegel wa Marekani alichapisha utafiti ulioonyesha wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa waliishi muda mrefu zaidi walipokutana kwenye kikundi cha kusaidiana. Matumaini yalikuwa makubwa. Utafiti mwingine wa Kanada, wanawake 235, ulichapishwa mwaka 2001: kikundi hakikurefusha maisha. Ila waliokuwemo walikuwa na huzuni pungufu na maumivu hayakuwasumbua sana kama wenzao. Hilo si dogo. Moyo uliotulia haufukuzi uvimbe, lakini hubadilisha namna mtu anavyoishi na uvimbe huo, na humpa nguvu ya kurudi kliniki. Mgonjwa anaruhusiwa kulia, kuogopa na kukasirika, na dawa yake itafanya kazi ileile.

Kurudiarudia mbele ya kioo “mimi ni mshindi” nako kuna mgonjwa wake. Utafiti wa mwaka 2009, pia wa Kanada, uliona wanaojidharau walizidi kujisikia vibaya baada ya kurudia sentensi za namna hiyo: moyo ulizijibu kwa kuzikana. Na mwanasaikolojia Gabriele Oettingen ameonyesha kwamba kuota ndoto tamu peke yake hupunguza bidii, kana kwamba mwili umeshafika. Anachofundisha kina hatua nne: taja unalotaka, lione tokeo lake, tafuta kikwazo kilicho ndani yako mwenyewe, halafu funga mpango wa “ikitokea hivi, nitafanya vile”.

Chukua mwenye kisukari anayeishi Majengo, Moshi. Anataka kutembea dakika 30, siku tano kwa wiki. Tokeo: sukari itulie, miguu iache ganzi. Kikwazo chake si muda. Ni kochi. Akishavua viatu jioni, ndiyo basi. Mpango: “Daladala ikifika kituo cha kabla ya changu, nitashuka hapo nimalizie kwa miguu kabla sijavua viatu.” Huo ndio mtazamo chanya tunaouamini, wenye kituo cha daladala ndani yake.

Kupumua polepole ni msaada mwingine usio na gharama. Keti, mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, tumbo lisukume mkono; toa ukihesabu sita. Dakika tano, asubuhi na kabla ya kulala. Ukisikia kizunguzungu unavuta kwa nguvu mno, punguza.

“Mwenye imani hapati sonona”

Wachungaji hupata, mashehe hupata. Huzuni au kukosa hamu ya chochote, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, chakula kutopita, uchovu, kujilaumu: huo ni ugonjwa, na unatibika. Hospitali za Mount Meru, Mawenzi na KCMC zina wataalamu wa afya ya akili. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha kazi, na wengi huziacha siku ya kumi kwa kudhani hazifai. Sala iendelee, haigombani nazo.

Zimbabwe wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, sawa na letu la “ana mawazo”. Tangu 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi la mbao: taja matatizo yote, chagua moja, panga hatua ndogo, rudi useme ilikuwaje. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha dalili zilipungua wazi. Bibi wa namna hiyo hawakosekani Machame wala Tengeru.

Ukihofia ndugu anataka kujidhuru, muulize waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii wazo, humfungulia mlango. Usimwache peke yake, fungia mbali dawa za kunyunyizia kahawa na nyanya, mpeleke hospitali leo.

“Kazi ya anayemwona mgonjwa ni kumchangamsha”

“Utapona tu” humnyamazisha, kwa sababu baada yake hawezi tena kukuambia anaogopa. Keti chini kwanza, usisimame mlangoni. Uliza usiku ulipitaje. Uliza amekula nini na kimepita. Kisha uliza mambo mawili ambayo wageni wengi hawaulizi: dawa zimebaki za siku ngapi, na nauli ya kliniki ijayo ipo?