Mashine ya kusafisha damu haiui

“Dokta, mpe dawa yoyote, ila mashine hapana. Jirani yetu alisafishwa damu mara mbili tu, akafa.” Maneno haya nayasikia kwa watoto wa wagonjwa wa figo, kwa wake zao, hata kwa watu waliosoma, na mara nyingi yakishasemwa mgonjwa anarudishwa nyumbani.

Ukiuliza vizuri habari za huyo jirani, karibu kila mara alikaa nyumbani muda mrefu akinywa mizizi, miguu imevimba, anatapika, chakula hakipiti. Kafikishwa hospitali usiku, mapafu yamejaa maji, potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, imepanda kiasi cha kuweza kusimamisha moyo. Hapo tunalazimika kumwekea mpira wa kupitishia damu shingoni kwa dharura, nao ni njia rahisi ya vijidudu kuingia kwenye damu. Akifariki, msibani inatajwa mashine. Ile miezi ya kusitasita haitajwi.

Na hili la “ukianza hutoki” linachanganya mambo mawili. Figo zilizofeli ghafla, kwa malaria kali, kuharisha sana au kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, mara nyingi huamka. Mgonjwa husafishwa siku au wiki kadhaa, mkojo ukirudi na vipimo vikitulia, anaachana na mashine. Figo zilizoharibiwa taratibu na sukari au presha hazirudi, uanze mashine usianze. Damu haizoei mashine. Figo nzima hufanya kazi saa zote 168 za wiki. Sisi kwa kawaida tunakupa mara 3, saa 4 kila mara, jumla 12. Ndiyo maana tunagomba ukiruka siku.

Gharama ni hoja ya kweli, wala siibishi. Basi semeni ni gharama, tumwite afisa ustawi wa jamii tuone njia. Mkisema mashine inaua, mazungumzo yameishia hapo.

Ombi langu kwa yeyote aliyeambiwa figo zake zinadhoofu: ulinde mkono usioutumia sana. Usitolewe damu wala kuwekewa dripu kwenye mkono huo. Ikibidi, itumike mishipa ya nyuma ya kiganja. Kwenye mkono huo uliolindwa ndipo daktari wa upasuaji ataunganisha mishipa kwa ajili ya mashine, na mshipa huo huhitaji wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, kukomaa. Nenda mapema, ukiwa bado unatembea mwenyewe. Ukishaunganishwa, hata presha isipimwe mkono huo.

“Kunywa maji mengi yasafishe figo.” Kwa mgonjwa wa mashine asiyepata mkojo, maji hayo yanaishia miguuni na kwenye mapafu. Punguza chumvi, na kiu itapungua. Dafu nalo lina potasiamu nyingi, ulisifu utakavyo. Na kwa ndugu zangu wa pwani: juisi nzito ya mbilimbi imewahi kufelisha figo za watu waliokuwa wazima, kwa sababu ya wingi wa oksaleti, kemikali inayoganda kama chembechembe ndani ya figo.

“Dawa za presha ndizo zilizoua figo.” Presha isiyotibiwa ndiyo inayoziua. Kinachonisikitisha ni kwamba anayeogopa vidonge vya presha humeza diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuharibu figo, kila siku kwa sababu mgongo unauma, akiamini ni figo. Ugonjwa wa figo mara nyingi huanza bila maumivu yoyote, na mkojo kutoka mwingi si uthibitisho kwamba figo ni nzima. Pima kreatinini, taka ya damuni inayopanda figo zikidhoofu, na pima protini kwenye mkojo.

“Ukitoa figo moja hutazaa.” Tangu hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilipoanza kupandikiza figo mwaka 2017, hili limezuia ndugu wengi kujitolea. Mtu aliyepimwa akaonekana mzima huishi vizuri na figo moja. Mwanamke aliyetoa figo anaweza kubeba mimba. Aanze kliniki mapema, awaambie wakunga kwamba alitoa figo, na apimwe presha na mkojo kila hudhurio, kwa kuwa uwezekano wa kifafa cha mimba kwake huongezeka kidogo.