Mto ukifura, lala

Jumamosi simu imelia saa kumi na moja alfajiri. "Kaka, mvua imepiga usiku kucha, mto umefura, twende tukavue stilihedi!" Huyu ni wa nne tangu Desemba ianze, na wote ni ndugu zetu wa Kent na Tukwila, miji ya karibu na Seattle. Nikamwambia arudi kulala.

Imani hii naijua ilikotoka, maana nami nimelelewa nayo. Kule mto Nzoia, magharibi ya Kenya, masika yakishika na maji yakawa rangi ya chai ya maziwa, ningu hutoka ziwani kupanda mto kutaga, na watoto tulijua leo hatulali njaa. Mvua ni samaki, basi. Lakini mimi sasa napeleka wageni mtoni huku Forks, magharibi ya jimbo la Washington, ambako mwaka mmoja hunyesha zaidi ya mita mbili na nusu za mvua. Kama mvua peke yake ingekuwa samaki, ningekuwa tajiri.

Haraka haraka kwa wageni wa mambo haya: stilihedi ni trauti yuleyule wa mito ya Mlima Kenya, ila huyu huenda baharini akarudi amenenepa. Na hapana, si lazima afe akishataga kama samoni wa huku. Wapo wanaorudi baharini na kupanda tena. Nimechoka kulirudia hilo.

Sasa tuje kwenye mvua. Ni kweli ndiyo inayowaita. Maji yakipanda, samaki waliokuwa wakisubiri mlangoni mwa mto huingia. Lakini saa hizo mto unabeba tope, majani na magogo mazima, na samaki yuko safarini, amejibana kingoni kukwepa mkondo. Chambo hakioni mpaka kimguse pua. Unachotaka wewe ni maji yanayoshuka. Hapo tope linatulia, samaki anasimama kupumzika, nyuma ya jiwe au mwishoni mwa kidimbwi, mahali maji yanapokwenda kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Huyo ndiye anayeuma.

Ndiyo maana nakereka mtu akiniuliza, "Leo futi ngapi za ujazo kwa sekunde?" Grafu ya USGS, idara ya serikali ya Marekani inayopima mito, iko kwenye simu yako, lakini usisome namba tu, tazama mstari unaelekea wapi. Futi 3,000 zinazopanda na futi 3,000 zinazoshuka ni mito miwili tofauti. Tena kila mto una tabia yake. Sol Duc hauna barafu chanzoni, hutakata upesi. Hoh unatoka kwenye barafu za Mlima Olympus, na ukishachafuka unaweza kukuweka siku kadhaa unanoa ndoano. Mvua ni ileile, ila ukikosea mto umepoteza mafuta ya gari.

Kipimo changu mimi ni buti. Ingia mpaka magotini, tazama chini. Usipoona ncha ya buti, rudi ukanywe kahawa. Ukiiona kwa ukungu, na maji yana kijani cha chupa, funga chambo upesi. Ukiweza kuhesabu kokoto, samaki naye anakuhesabu wewe. Punguza unene wa mshipi na ukubwa wa chambo.

Sasa niseme linaloniaibisha. Februari mwaka juzi mgeni wangu alikaidi, akatupa kwenye maji ya kahawia kabisa, hatua mbili kutoka ukingoni. Mtupo wa tatu, ufito ukapinda. Jike la porini, pezi dogo la mafuta mgongoni likiwa zima (wa kufugwa hukatwa pezi hilo), na wa porini huachiwa, kwa hiyo tukamchomoa ndoano akiwa majini na kumwachia. Mgeni alinitazama bila kusema neno, na nilistahili. Hata swali la kwa nini wanauma, ilhali wakishaingia mtoni hawali sana, kila mvuvi ana jibu lake: hasira, mazoea ya baharini, udadisi. Langu hubadilika kila msimu.

Yule wa Jumamosi nimemwambia Jumanne, Sol Duc, mvua ikikata Jumapili. Aje na soksi za sufu, na asinipigie tena kabla ya saa moja.