Mafao ya Kukosa Ajira au Kazi ya Muda: Uamuzi wa Anayerudi Chuoni Ujerumani

Mfanyakazi aliyepoteza ajira nchini Ujerumani kisha akapata nafasi ya chuo kikuu huwa na njia mbili mbele yake: kudai mafao aliyoyachangia kila mwezi kwa makato ya mshahara, au kufanya kazi kwa saa chache huku akisoma. Wengi wanaofika kwenye dawati letu la ushauri huanza kwa kulinganisha fedha. Sisi huwaomba waanze na saa, kwa sababu sheria ya nchi hiyo huangalia kwanza ni saa ngapi kwa wiki mtu yuko huru kuajiriwa.

Mafao ya bima ya kukosa ajira, Arbeitslosengeld, hulipwa kwa aliyechangia angalau miezi 12 ndani ya miezi 30 iliyopita. Kiwango ni asilimia 60 ya mshahara baada ya makato, au 67 kwa mwenye mtoto. Michango ya miezi 12 humpa miezi 6 ya malipo. Ya miezi 24 humpa mwaka mzima. Sharti linalowakwamisha wanafunzi ni lile la kuwa tayari kuajiriwa. Kifungu cha 139 cha Kitabu cha Tatu cha sheria za hifadhi ya jamii kinamchukulia mwanafunzi wa chuo kuwa mtu anayeweza kufanya kazi zisizotozwa michango ya bima tu, na kwa hiyo hastahili mafao. Anaruhusiwa kupinga dhana hiyo, lakini ni juu yake kuthibitisha, kwa ratiba ya vipindi na kanuni za masomo, kwamba hata akisoma kama inavyotakiwa bado atabaki na nafasi ya kushika ajira yenye michango. Anayesoma kwa masafa, kwa mfano katika FernUniversität ya Hagen, ana hoja yenye nguvu. Anayeanza udaktari wa binadamu, mwenye vipindi na maabara kutwa nzima, kwa kweli hana, na ni heri alijue hilo kabla ya kujaza fomu. Kuuficha usajili wa chuo si njia: ofisi ya ajira ikigundua, hudai fedha zake zote, na faini inaweza kufuata.

Tuchukue mtu asiye na mtoto aliyekuwa akibaki na euro 1,800 kwa mwezi. Mafao yake yatakuwa karibu euro 1,080, na bima ya afya hulipiwa na ofisi ya ajira. Akiongeza kazi ndogo isiyofikia saa 15 kwa wiki, ambayo lazima aitolee taarifa kabla ya siku ya kwanza ya kazi, ataachiwa euro 165 kwa mwezi. Zinazozidi hapo hupunguzwa kwenye mafao. Akifikisha saa 15, kisheria si mtu asiye na ajira tena. Sasa tumtazame akiwa mfanyakazi mwanafunzi, Werkstudent, kwa saa 20 kwa wiki. Kwa kima cha chini cha mwaka 2026, euro 13.90 kwa saa, atapata takribani euro 1,200, atakatwa asilimia 9.3 ya pensheni, na bima ya afya ya mwanafunzi atailipa mwenyewe. Tofauti ya fedha, kama inavyoonekana, si kubwa. Kubwa ni kwamba kazi hiyo haichangii bima ya kukosa ajira, hivyo haimjengei haki mpya ya mafao.

Hapa ndipo watu wengi hupoteza chao bila kujua. Haki ya mafao ikishapatikana, miezi ambayo haijatumika inaweza kudaiwa baadaye, ili mradi miaka minne haijapita tangu haki ilipoanza. Kwa hiyo anayeanza masomo ya kutwa hana sababu ya kung'ang'ania madai yatakayokataliwa. Ajisajili ofisi ya ajira siku ya kwanza ya kukosa kazi, achukue mafao hadi masomo yaanze huku akitafuta kazi kwa dhati, kisha asimamishe malipo na kufanya kazi ya muda. Akihitimu shahada ya uzamili ya miaka miwili bila kupata ajira, miezi iliyobaki itamfaa sana. Asiache kazi kwa hiari ili aende chuo bila kuuliza kwanza, maana kwa kawaida hufungiwa malipo kwa wiki 12.

Kwa ndugu zetu wenye kibali cha ukaazi kilichofungamanishwa na ajira, kuna jambo la kutangulia yote haya: kupotea kwa ajira lazima kuripotiwe kwa ofisi ya wageni ndani ya wiki mbili. Kibali kikibadilishwa kuwa cha masomo, kazi huwekewa mpaka wa siku 140 kamili kwa mwaka au nusu siku 280, na mpaka huo hudhoofisha sana hoja ya kuwa tayari kuajiriwa. Kabla ya kusaini ombi la kubadilisha kibali, muulize ofisa atoe jibu la maandishi kuhusu saa utakazoruhusiwa kufanya kazi, kisha lipeleke jibu hilo ofisi ya ajira pamoja na ratiba yako ya vipindi.