Je, wajua? Kuongeza treni hakupunguzi foleni ya rola kosta kila mara

Ukifika ufukweni Mtwara mjini na kukuta kivuko cha MV Mafanikio ndiyo kwanza kinaondoka kwenda Msangamkuu, unajua la kusubiri: kiende, kishushe, kipakie, kirudi. Rola kosta, ule mchezo wa treni inayopandishwa juu kabisa kwenye reli kisha ikaachiwa iporomoke, huenda vivyo hivyo ikiwa na treni moja tu. Treni ikiwa safarini, jukwaa la kupandia halina kazi; abiria wakipanda, reli nzima iko tupu.

Tupige hesabu. Chukua treni ya viti 24, mzunguko wa sekunde 150, na sekunde 90 za kushusha na kupakia. Treni moja inatumia dakika 4 kwa safari, yaani safari 15 kwa saa, watu 360. Ukiweka ya pili, moja inazunguka huku nyingine ikipakia, na watu wanafika 720. Je, ya tatu italeta 1,080? Haileti. Jukwaa ni moja, na baada ya zile sekunde 90 treni inahitaji kama sekunde 10 kutoka na kuipisha inayofuata. Basi treni haziwezi kuondoka kwa kasi kuliko moja kila sekunde 100: safari 36, watu 864. Ya nne haiongezi hata mtu mmoja. Itasimama kwenye breki nje ya jukwaa, abiria wake wamefungwa vitini, wakisubiri wenzao washuke.

Ndiyo maana naamini uwezo wa mchezo huu uko mikononi mwa wanaopakia kuliko kwenye idadi ya treni. Wao ndio wanaopanga watu, kupokea mabegi na kukagua kizuizi cha kila kiti. Upakiaji ukirefuka hadi sekunde 120, treni tatu zitatoa safari 27 tu, watu 648, wachache kuliko wa treni mbili zinazopakiwa kwa wepesi! Millennium Force, iliyofunguliwa mwaka 2000 katika bustani ya michezo ya Cedar Point, Marekani, ina treni 3 za watu 36. Ili ifikishe watu 1,300 kwa saa inavyokusudiwa, treni lazima iondoke kila sekunde 100 hivi.

Siku zenye wageni wachache, treni hupunguzwa. Zilizotolewa hukaguliwa karakana.

Halafu kuna usalama. Reli hugawanywa vipande, na kila kipande huruhusiwa treni moja tu kwa wakati mmoja. Kompyuta huisimamisha treni ya nyuma mpaka kipande cha mbele kiwe wazi, kwa hiyo idadi ya treni haiwezi kulingana na ya vipande. Lazima kimoja kibaki kitupu, la sivyo hakuna itakayosogea.

Tarehe 2 Juni 2015, kwenye mchezo wa The Smiler katika bustani ya Alton Towers, Uingereza, treni ya tano iliongezwa kwa sababu watu walikuwa wengi. Treni tupu ikakwama njiani, na kompyuta ikaisimamisha iliyokuwa na abiria 16. Mafundi hawakutambua kwamba mbele kuna treni. Wakaipuuza kompyuta na kuiruhusu iendelee. Zikagongana, na wasichana wawili wakakatwa mguu mmoja kila mmoja. Mwaka 2016 mahakama iliitoza kampuni inayoendesha bustani hiyo faini ya pauni milioni 5.