Muhuri wa Mwenyekiti Haufungi Barabara

Barua nyingine imefika mezani kwangu wiki hii. Ina mstari mmoja wa mwandiko wa mkono, saini na muhuri wa kijiji: "Anaruhusiwa kufanya sherehe." Kwa mstari huo mmoja, mtu alisimamisha turubai katikati ya barabara ya wilaya Ijumaa mchana na kupiga muziki mpaka Jumapili alfajiri. Gari lililobeba mgonjwa lilipofika pale lilibidi ligeuze. Jirani alipolalamika alioneshwa barua. Polisi walipofika nao wakaoneshwa barua. Sasa mimi, ninayekaa ofisi ya sheria ya halmashauri ya wilaya, naulizwa kama barua ile inatosha.

Haitoshi. Haikutosha kwa aliyeuliza kabla yake, na haitatosha kwa atakayeuliza mwezi ujao. Naandika hapa ili kila anayeniuliza nimtumie makala hii.

Mamlaka ya kijiji nitayapitia kwa haraka, maana viongozi wake tuliwachagua Novemba 2024. Kuna Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wakazi wote waliofikisha miaka 18. Kuna Halmashauri ya Kijiji yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, wakiwemo wenyeviti wa vitongoji. Mwenyekiti anaongoza vikao, mtendaji, yaani ofisa mtendaji wa kijiji aliyeajiriwa, ndiye katibu. Yote haya yamo kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, Sura ya 287. Madaraka ya kijiji yamewekwa kwenye vikao, hayakuwekwa mfukoni mwa mtu. Mwenyekiti anaposaini, anasaini kwa niaba ya kikao kilichokaa, kikatimiza akidi, kikaamua na kuandikiwa muhtasari. Kama kikao hakikukaa, saini ile haina kitu nyuma yake, hata muhuri ungekuwa mwekundu kiasi gani.

Kosa kubwa zaidi ni watu kudhani kwamba sherehe inahitaji ruhusa moja. Sherehe ile ilihitaji angalau tatu, na kila moja ina mwenyewe.

Ya kwanza ni ya eneo. Hapa kijiji kina nguvu kamili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeipa Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, kwa hiyo uwanja wa mpira, eneo la gulio au kiwanja cha mikutano vikiombwa, Halmashauri inakubali, inakataa au inaweka masharti. Hata kuomba usafi baada ya shughuli ni haki yake. Sina ugomvi na hilo.

Ya pili ni ya barabara, na hapa kijiji kwa kawaida hakina la kuruhusu. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa Tanzania. Za wilaya, zikiwemo zile zinazokatisha katikati ya kijiji na ambazo kila mtu anaziita "zetu", tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kijiji kinabaki na vinjia vya ndani visivyo kwenye mtandao huo. Anayetaka kufunga njia kwa muda, awe bwana harusi au mwandaaji wa mbio za baiskeli, anapaswa kwenda kwa msimamizi wa barabara na kwa polisi. Barua ya kijiji inaweza kumtambulisha huko aendako. Haiwezi kufunga barabara.

Hapo hapo niseme na wanaochimba matuta ya kupunguza mwendo barabarani. Naelewa hasira yao. Pikipiki inapita mbele ya shule kwa mwendo wa kuua, ekzosi imetobolewa makusudi, mtoto amegongwa, na wananchi usiku huo huo wanabeba majembe. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na wengi hawaufuati. Lakini tuta la udongo lililoinuliwa usiku bila alama, bila rangi na bila kipimo linamwangusha mwendesha baiskeli asiye na taa kabla ya kumpunguza mwendo dereva wa lori la mchanga. Na barabara ikiwa ya TANROADS au TARURA, waliochimba wamefanya kosa hata kama kijiji kizima kiliwapigia makofi.

Kijiji kinachoweza kufanya, na ambacho hakifanyi, ni kuandika. Halmashauri ya Kijiji ikae, iandike mahali hasa penye hatari, saa ambazo watoto wanavuka na ajali zilizotokea, kisha muhtasari uambatishwe kwenye barua kwa meneja wa TARURA wa wilaya au wa TANROADS wa mkoa, nakala kwa diwani na kwa polisi wa usalama barabarani. Nimeona barua za namna hiyo zikijibiwa kwa matuta halisi na vibao. Nimeona pia zikikaa kimya mwaka mzima, na sitamdanganya mtu kwamba karatasi inakimbia. Ila barua yenye tarehe na muhtasari inaweza kufuatiliwa, na diwani anaweza kuisimamia kwenye kikao. Ikija ajali nyingine, hakuna atakayesema hakuambiwa.

Ruhusa ya tatu ni ya sauti. Hapa ndipo ninapochoka zaidi, kwa sababu hapa hata viongozi wanaotaka kutenda haki wanakosea.

Sheria juu ya kelele hazikosekani. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za mwaka 2015 za kelele na mitetemo, zinazotofautisha mchana na usiku, makazi na viwanda, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndiye msimamizi. Kuna Kanuni ya Adhabu yenye kosa la kuleta kero kwa umma. Kuna Sheria ya Vileo ya 1968 inayopanga saa za baa na vilabu. Mkusanyiko wa hadhara au maandamano kwenye eneo la wazi nayo yana utaratibu wake wa kumpa taarifa mkuu wa polisi wa eneo saa 48 kabla. Mwenyekiti hana uwezo wa kumsamehe mtu masharti ya sheria hizi. Akiandika "anaruhusiwa kupiga muziki hadi asubuhi", ameahidi kitu ambacho si chake.

Upande wa pili kuna kijiji kinachotoza. Hapa neno ninaloletewa ni "wananchi tulikubaliana". Mkutano Mkuu ulikaa, watu walinyoosha mikono, ikaamuliwa kwamba atakayepiga sabufa baada ya saa nne usiku atatoa shilingi 50,000, au mbuzi, au kreti mbili za soda za wajumbe. Mgambo wanatumwa, sabufa inakamatwa, inalala ofisi ya mtendaji mpaka mwenyewe alipe. Stakabadhi hakuna. Mwenye sabufa anakuja wilayani kulalamika, na kwa sheria yuko sahihi, ingawa alikuwa amewakesha majirani watatu wenye watoto wachanga.

Viongozi wanaponijia na hoja kwamba Mkutano Mkuu ndicho chombo cha juu kabisa kijijini, nakubaliana nao. Ni cha juu katika kuamua sera na mwelekeo wa kijiji. Lakini kumtoza mtu faini kunahitaji sheria ndogo, na sheria ndogo ina njia yake katika Sura ya 287, vifungu vya 163 na 164. Halmashauri ya Kijiji inatayarisha rasimu. Inaitisha Mkutano Mkuu, inaisoma, inasikiliza maoni na kuyaandika. Rasimu, muhtasari na mahudhurio vinapelekwa halmashauri ya wilaya. Madiwani wanaidhinisha, ndipo inakuwa sheria. Kabla ya hapo mlichonacho ni makubaliano. Makubaliano yanaweza kumwaibisha mtu, yanaweza kumfanya azime muziki kwa heshima ya wazee, na mara nyingi hiyo inatosha. Ila hayakamati sabufa ya mtu.

Najua wanavyonung'unika: "Wilaya inatuchelewesha." Ni kweli. Madiwani wanakutana kwa robo mwaka, rasimu ikikosa kikao kimoja inasubiri kingine, na zipo zilizokaa kwenye makabati mpaka viongozi walioziandika wakamaliza muda wao. Hilo ni tatizo letu sisi wa wilayani, na wanaolalamika wana haki. Lakini wangeona ninayoyaona kwenye rasimu wasingetaka hatua hiyo ifutwe. Nimesoma rasimu inayotaka mpiga muziki achapwe viboko hadharani. Nimesoma inayokataza vipaza sauti vya ibada ya dini moja na kuiacha nyingine. Nimesoma inayomtoza mama mwenye nyumba faini kwa kosa la mpangaji wake. Kijijini watu wengi wakimkasirikia mtu mmoja, mikono inanyooshwa haraka sana, na mtu huyo anahitaji macho mengine nje ya kijiji kabla hajaadhibiwa.

Rasimu nzuri ya kelele haihitaji kurasa nyingi. Itaje saa. Itaje nani anapeleka taarifa ya sherehe, kwa nani, na siku ngapi kabla. Itaje onyo la kwanza linatolewaje. Iweke kifungu cha kufifilisha kosa, ili anayekiri aweze kulipa pale pale bila kupelekwa mahakamani, na anayekana apelekwe mahakama ya mwanzo kama mtu mwingine yeyote. Iseme fedha inaingia akaunti ya kijiji kwa stakabadhi. Bila kifungu hicho cha mwisho, faini za kelele hugeuka chanzo cha mapato cha watu wawili watatu, na baada ya miezi michache wenye kulipa ni wanyonge tu huku baa ya tajiri ikiendelea kutikisa madirisha.

Kuna mambo ambayo sijayamaliza hata mimi, na sioni sababu ya kuyaficha.

Kanuni za kelele zinapima kwa desibeli. Kijiji hakina kipimo hicho, na kumngoja ofisa wa kutoka mbali wakati muziki unapigwa usiku huu ni kutofanya lolote. Kwa hiyo tunaandika saa badala ya ukali wa sauti. Ni rahisi kusimamia, kwa sababu kila mtu ana simu yenye saa. Lakini mtu akipiga sabufa nne kuanzia saa mbili asubuhi siku tatu mfululizo, karibu na nyumba yenye mgonjwa, sheria yetu ya saa inamwacha. Vijiji vingine vimeandika "sauti isisikike nje ya kiwanja cha mwenye shughuli". Napenda haki iliyomo ndani yake, ila nina wasiwasi kama hakimu atakubali kumtia mtu hatiani kwa masikio ya jirani ambaye walikwisha kugombana naye kuhusu mpaka wa shamba.

Kuna pia mtendaji mwenyewe. Kwenye karatasi yeye ndiye anayesimamia. Katika hali halisi, saa nane usiku ni mtu mmoja mwenye tochi anayetakiwa kuwaingilia watu mia mbili waliokunywa, akiwa na mgambo wawili ambao mmoja wao ni shemeji wa bwana harusi. Watoto wake wanasoma na watoto wa watu hao. Mimi siwezi kumwandikia mtu sheria inayomtaka awe shujaa kila Jumamosi. Ndiyo maana nasisitiza taarifa ya siku saba kabla. Mwenye sherehe akija ofisini mchana, akasomewa masharti na kusaini mbele ya mwenyekiti wa kitongoji chake, kazi kubwa imeshafanyika kabla ya mtu yeyote kulewa. Barua inayotoka hapo iandike kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa: uwanja wa kijiji ndiyo, kuanzia saa hii hadi saa hii, muziki mwisho saa fulani, barabara hapana, nenda TARURA na polisi. Iwe na namba ya kikao kilichoamua. Barua ya namna hiyo naweza kuitetea popote.

Linalobaki gumu ni msiba. Msiba hautoi taarifa ya siku saba. Watu wanakuja kutoka mikoa mitatu, turubai linahitaji mahali, nyumba haina uwanja, na barabara ndiyo nafasi pekee iliyo tambarare. Hakuna mtendaji nitakayemlaumu kwa kutokwenda kuling'oa. Lakini nikikaa kimya kwenye sheria, kila turubai litaitwa la msiba mpaka la kipaimara. Ninachowashauri kwa sasa ni kuuandika msiba wazi ndani ya sheria ndogo: vipaza sauti vya matangazo na ibada viruhusiwe hadi siku ya maziko na vizimwe saa za kulala, mwenyekiti wa kitongoji apewe taarifa siku hiyo hiyo, na kama turubai limelazimika kugusa barabara, upande mmoja ubaki wazi kwa upana wa gari, polisi wa karibu wajulishwe kwa simu, na kijana mwenye kitambaa cheupe asimame kila mwisho kuelekeza magari. Msimamizi wa barabara anaweza kukiona kifungu hicho akasema kijiji kimeingilia kazi yake, na kwa herufi ya sheria atakuwa na hoja. Mpaka aje na utaratibu wa dharura unaofanya kazi Jumapili usiku, nitaendelea kukipitisha kwenye rasimu.

Kijiji ambacho hakina sheria ndogo ya kelele kabisa kisisubiri sherehe inayofuata. Mkutano Mkuu wa robo mwaka uko karibu. Wekeni ajenda, mtendaji aandike mahudhurio kwa majina na saini, muhtasari usomwe, na rasimu ifike wilayani kabla makabrasha ya kikao cha madiwani hayajafungwa.