Kampuni changa ya lithiamu: ukinunua hisa yake, umenunua nini?

Kampuni changa ya madini si kampuni yenye mgodi mdogo. Mara nyingi haina mgodi kabisa. Ina leseni ya utafutaji, wanajiolojia wachache, mashine ya kuchoronga iliyokodiwa, na fedha za wenye hisa. Kwa kuwa haiuzi madini, haina mapato. Inaishi kwa kuuza hisa: fedha zinaingia, zinatoboa mwamba, na majibu ya maabara yakiwa mazuri hisa nyingine zinauzwa kwa bei ya juu.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Tuseme kampuni ina hisa milioni 100 nawe unazo milioni moja, yaani asilimia 1. Ikitoa nyingine milioni 100 bila wewe kuongeza chako, umebaki na nusu asilimia. Hujaibiwa kitu, mchuzi umeongezwa maji tu. Safari ya kutoka shimo la kwanza hadi mgodi huchukua miaka, na maji huongezwa mara nyingi njiani.

Tangazo la ugunduzi nalo lina lugha yake. Rasilimali ni kiasi kinachokadiriwa kuwamo ardhini. Akiba ni ile sehemu ambayo hesabu za kihandisi zimeonyesha inachimbika kwa faida. Manono, mkoani Tanganyika nchini Kongo, mji uliochimbwa bati tangu enzi za Wabelgiji, kampuni ya AVZ Minerals ya Australia ilitangaza rasilimali ya takriban tani milioni 400 zenye wastani wa 1.65% ya oksidi ya lithiamu. Kiwango hicho ni kizuri sana, na mwamba wenyewe ni mkubwa kweli. Lakini akiba iliyotangazwa mwaka 2021 ilikuwa tani milioni 132 hivi. Anayesoma namba ya kwanza pekee anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Bei ya lithiamu ni mtihani mwingine. Huko China tani ya kaboneti ya lithiamu, yaani lithiamu iliyosafishwa kwa ajili ya betri, ilikaribia yuani 600,000 Novemba 2022. Kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa kwenye 100,000 hivi. Mgodi unaolipa kwa bei ya kwanza unaweza usilipe kwa bei ya pili, na asiye na mgodi ndiye wa kwanza kunyimwa mkopo.

Hata hivyo, kilichoikwamisha AVZ hakikuwa mwamba wala bei. Haki yake ilipitia Dathcom, kampuni ya ubia na Cominière, shirika la serikali ya Kongo, na ukazuka mgogoro juu ya nani ana hisa ngapi na leseni ni ya nani. Sehemu ya kaskazini-mashariki ikaangukia ubia wa Cominière na Zijin, kampuni ya madini ya China, na kesi zikafika kwenye usuluhishi wa kimataifa. Kwa maoni yangu, ukurasa wa leseni ndio wa kusomwa kwanza, kabla ya ramani za mashimo.

Biashara ya hisa za AVZ ilisimamishwa Mei 2022, bei ikiwa senti 78 za Australia. Miaka miwili baadaye, Mei 2024, soko la hisa la Australia liliiondoa kwenye orodha yake. Muda wote huo wenye hisa walikuwa nazo mkononi, lakini hawakuweza kuziuza kwenye soko hilo.